Baada ya Amina Hakuna Kugusa

Sare tu ilitosha, na hilo ndilo lililowaharibu watu akili. Laiti timu ya Base Camp ingelazimika kushinda, kila mtu angekaza mkanda na kujua la kufanya. Lakini mwambie mtu kwamba sare inamtosha, uone kama hataanza papo hapo kutafuta mlango wa kujifungia.

Timu yenyewe haikuwa ya watu wenye miguu. Ilikuwa ya ndani ya kompyuta, ya ule mchezo ambao wewe huchezi mpira bali unakuwa kocha: unasajili wachezaji, unapanga kikosi, unachagua namna ya kushambulia na namna ya kulinda, kisha unaiachia kompyuta icheze mechi na kukuonyesha kama una akili au huna. Kumbi za kompyuta za Mbarara na Isingiro zilikuwa zimeanzisha ligi yao. Ukumbi wa vijana wa kanisa hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, chumba cha matofali nyuma ya soko la Base Camp chenye paneli za sola juu ya paa, uliingizwa kwa kuonewa huruma, kama mgeni anayepewa kigoda karibu na mlango. Sasa ilikuwa imebaki mechi moja, dhidi ya Mbarara, na huyo mgeni ndiye aliyekuwa kileleni. Kocha wake alikuwa Apolline binti Kabanda, msichana wa miaka ishirini na ushee, na ufunguo wa ukumbi ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu.

Ufunguo ule haukuwa kitu kidogo. Anayekuwa kocha ndiye anayeushika, ndiye anayefungua asubuhi, ndiye anayeketi kwenye kiti cha mbele. Apolline alimaliza shule akakuta hakuna kinachomsubiri isipokuwa kusubiri kwenyewe: asubiri mgao, asubiri jina lake liitwe, asubiri mchumba. Kwenye kile kiti aliamua, na alichoamua kikafanyika. Hakuwa na mahali pengine pa namna hiyo duniani, na alijua vizuri.

Ukumbi ule ulikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ilizaliwa na jua. Umeme wa sola hauna huruma. Ukiiacha kompyuta ionyeshe mechi nzima wachezaji wakikimbia, betri inakufa, na simu za nusu ya soko zinazochajiwa pale zinakufa nayo. Kwa hiyo walifanya hivi: Apolline anapanga kikosi, watu wanasimama, Mama Yudita wa kwaya anaomba, wote wanafumba macho, amina, kisha Apolline anabonyeza mechi ianze na kuzima kioo. Baadaye kioo kinawashwa na kila mtu anapata alichoandikiwa. Baada ya amina hakuna kugusa. Zamani watu waligusa. Timu ikifungwa, huyu anabadilisha beki, yule anabadilisha winga, hadi siku moja Ulrich, mpwa wa mwenyekiti, alipomtoa kipa kwa haraka na wakamaliza mechi goli likiwa wazi kama uwanja wa soko. Tangu hapo kamati ilitunga sheria: kocha atakayegusa baada ya amina, anatoa ufunguo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Adolphe, ambaye watu walimwita Prezida, naye hakuwa na haraka ya kuwakataza. Wiki ile ya mwisho alikuja ukumbini, akavuta kiti karibu na Apolline, akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Huu mustari ushuke," alisema. "Mabeki bote bakae mu boksi. Batano, na kama bako sita ni muzuri zaidi. Tufunge mulango, turudi na kombe."

Mstari aliousema ulikuwa mstari wa ulinzi. Katika mchezo ule una ngazi tano. Ukiushusha chini kabisa, mabeki wako wanakaa mbele ya kipa wao kama kuku kwenye banda. Ukiupandisha juu kabisa, wanasogea hadi karibu na katikati ya uwanja, na mshambuliaji wa wenzako akitangulia nyuma yao kabla mpira haujapigwa, mwamuzi wa pembeni anainua kibendera: ameotea. Wa Apolline ulikuwa ngazi ya nne, na ulikaa hapo tangu ligi ianze.

"Prezida, mabeki betu ni bafupi," alijibu. "Banakimbia, lakini ni bafupi. Bale ba Mbarara bako na mutu moja murefu, ule banaita Nguzo. Tukikaa mu boksi, batamutupia mipira ya juu mpaka atafunga. Tukipanda, Nguzo atabaki mbali na goli. Kule katikati kichwa yake atapigia nini? Majani?"

Vijana wawili watatu walicheka. Adolphe hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu aliyeogopa kuchekwa, na mtu wa namna hiyo akipewa uenyekiti huwa mgumu kuliko mbaya.

"Batufunge mabao mingi pale Mbarara, bote banaangalia?" alisema. "Baseme bakimbizi hata kompyuta hawajue? Weye uko mutoto. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Basi tumecheka ya kutosha, Prezida. Tangu tutoke Kongo tunacheka tu."

Adolphe alisimama. "Sawa. Cheza vile unataka. Lakini tukipoteza, ule ufunguo unaenda kwa Ulrich, siku ileile."

"Sawa," alisema Apolline. "Lakini mpaka siku ile, kocha ni miye."

Nyumbani hakupata msaada. Baba yake, Kabanda, alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage, mwanamume mrefu aliyeonekana kama amekunjwa ili aenee mahali alipo. Walibaki wawili tangu mama alipofariki. Habari zilikwisha kumfikia, maana pale kambini habari hazingoji mtu.

"Shusha, mama," alisema bila kuinua kichwa. "Prezida anasema kweli. Aliye kando haangukiwi na mti. Funika kombe, mwanaharamu apite."

Apolline alijiuma mdomo. Alizijua methali hizo mbili kama alivyojua mlango wa nyumba yao, na alijua zilikotoka. Kule milimani Kivu ya Kusini, yeye akiwa bado mtoto, zilikuja habari kwamba watu wenye silaha wanapita wakichukua ng'ombe. Wanaume wakakubaliana, Kabanda akiwa mbele yao: ng'ombe wote washushwe zizini, lango lifungwe kwa magogo, kisha watu wakusanyike kanisani waombe. Apolline alikuwa anachunga mitamba michache ukingoni mwa malisho. Aliliangalia lile zizi limejaa, akaliona kama chakula kilichokwisha kupakuliwa, na miguu yake ikakataa kushuka. Akaipandisha mitamba yake juu kwenye ukungu. Kule chini watu waliomba, wakasema amina, wakafumbua macho, na magogo ya lango yalikuwa yamelala chini na zizi halina hata ndama.

Mitamba ile michache ndiyo iliyouzwa njiani hadi wakafika Uganda. Lakini Apolline aliposhuka nayo jioni ile, kitu cha kwanza alichopokea kwa baba yake kilikuwa kofi, kwa kuvunja amri. Hawakuwahi kulizungumzia kofi lile. Kabanda alitoka kule na mafunzo mawili: kwamba mtu asifumbe macho akiomba, na kwamba mtu akae chini asionekane. La kwanza lilimfanya achekwe kanisani. Mchungaji alimsema, watoto walimwiga wakitoa macho kama vyura, naye hujibu tu kwamba Mungu hana shida na macho yake. La pili alimhubiria binti yake kila siku iendayo kwa Mungu, na Apolline hakulikubali hata siku moja.

"Papa, siwezi kushusha," alisema.

Kabanda akaendelea na maharage yake.

Siku ya mechi gari la kanisa liliondoka asubuhi, likapita Kabingo, likasimama Masha ambako Mama Yudita alinunua ndizi za kuchoma na kuwagawia watu kwa heshima kama anagawa meza ya Bwana. Kabanda alikuwemo, kiti cha nyuma, ingawa hakuna aliyejua anakuja kutazama nini. Mpira wenyewe hakuupenda, seuze wa kompyuta.

Ukumbi wa Mbarara ulikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Ulikuwa na viti vya plastiki mbele, meza mbili za makocha zikitazamana, na ukutani kioo kikubwa cha kuonyesha mechi nzima, kwa kuwa wao umeme wao unatoka kwenye nguzo na hawajui kuuhurumia. Mtu wa mlangoni aliwatazama wageni, akaonyesha mabenchi karibu na ngazi. "Watu wa kambi, huko nyuma. Nyuma, nyuma kabisa." Wakaenda nyuma. Mama Yudita alikwenda akinung'unika, Kabanda alichagua mwisho wa benchi la mwisho, hatua moja kutoka mlangoni.

Kila kocha aliruhusiwa msaidizi mmoja mezani. Wa Apolline alikuwa amejiteua mwenyewe: Prezida Adolphe, katika koti.

Kocha wa Mbarara, Natanaeli, alikuwa mwanafunzi wa chuo, kijana mchangamfu mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma. Alimpa Apolline mkono, akamwita nyabo, kama wanavyomwita bibi wa heshima kule. "Karibu, nyabo. Leo umekuja kufunga mlango, si ndiyo? Sare inatosha nyinyi. Lakini mimi iko na mtu mrefu. Nitapita juu ya mlango."

"Pita," alisema Apolline. "Utatukuta inje."

Alipanga kikosi. Mabeki wanne, mstari ngazi ya nne, wakabe eneo wala wasikimbizane na mtu mmoja mmoja, kipa asimame mbele kidogo ili afagie mipira itakayopita nyuma ya mabeki. Mchezo ule unakuruhusu kuwabadilisha wachezaji majina, na beki wake wa kati, mfupi kuliko wote na mwenye mbio kuliko wote, alimwita Gaju. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Kisha Mama Yudita akasimama kule nyuma, maana desturi ni desturi hata ukiwa ugenini. Natanaeli akavua kofia kwa adabu. Watu wote wakainamisha vichwa na kufumba macho, na Mama Yudita akaomba kwa ajili ya safari, wenye nyumba, wagonjwa, mvua, na mwisho akakumbuka mpira. Katikati ya maombi Apolline alisikia mlio mdogo, tik, kama wa kitufe cha kompyuta. Akadhani ni meza ya pili. Amina. Akabonyeza mechi ianze, akaweka mikono yake magotini.

Hawakuwa wamezoea kuona. Nyumbani mechi ilikuwa giza na majibu. Hapa wachezaji wadogo walikimbia ukutani, na watu wa Nakivale waliguna kila mpira ulipopigwa. Apolline alitazama, na baada ya muda kidogo alihisi kitu hakiko sawa. Mabeki wake walikuwa wapi? Wale wafupi wake, waliozoea kupanda, walikuwa wamerundikana mbele ya kipa. Gaju alisimama karibu na mwamba wa goli kama mtu anayesubiri mgao. Mpira ukaenda winga ya kulia ya Mbarara, krosi ikaja juu, Nguzo akainuka, na wafupi wote wanne wakamtazama kutoka chini. Moja bila.

Ukumbi ulilipuka. Apolline alifungua ukurasa wa mbinu, maana kutazama si kugusa. Mstari wa ulinzi ulikuwa ngazi ya kwanza. Chini kabisa. Kuku bandani.

Aligeuza uso polepole. Adolphe alikuwa anaangalia dari.

"Nani ameushusha?"

"Baada ya amina hakuna kugusa," alisema Adolphe kwa sauti ya chini, akiwa bado na dari yake. "Sheria unaijua. Tulia. Batachoka, tutarudisha moja, sare inatosha."

Hapo Apolline alishikwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua. Haikuwa hasira ya bao. Ilikuwa hasira ya mkono uliongoja macho yake yafumbwe. Angegusa, angepoteza ufunguo kwa sheria. Asipogusa, Nguzo angewafunga mpaka achoke, na ufunguo ungekwenda vilevile, ila ungekwenda huku yeye ameketi kwa adabu. Alifikiri jambo hilo kwa muda ambao mpira ulichukua kurudishwa katikati. Kisha akasimama, akawageukia watu wa mabenchi ya nyuma.

"Mama Yudita! Banangu bote! Mustari wetu umeshushwa wakati tulifumba macho. Miye naenda kuupandisha."

Mama Yudita alishika kifua. "Apolline! Tumeisha kuomba!"

"Mungu alisikia ile tulipanga, Mama. Si ile bamebadilisha." Akaivua kamba shingoni, akaweka ufunguo mezani, ukalia. "Sheria ninaijua. Ufunguo huu hapa. Sasa nagusa."

Na akagusa. Hakuurudisha ngazi ya nne. Aliupandisha hadi ya tano, juu kabisa, akawasha mtego wa kuotea, akaagiza mabeki wapande pamoja.  Adolphe aliunyakua ufunguo, akautia mfukoni mwa koti, na mkono wake ukabaki humohumo.

"Eh, nyabo!" Natanaeli aliita kutoka meza ya pili. "Umetoka nje ya nyumba?"

"Nimetoka."

Natanaeli alikuwa fundi, asidharauliwe. Alipoona mabeki wamepanda alianza kupiga mipira mirefu nyuma yao. Mara ya kwanza Nguzo alikimbia peke yake hadi mbele ya kipa, na mabenchi ya nyuma yakalia kama yamefiwa, lakini kipa alikuwa tayari ametoka na akaubutua mpira. Mara ya pili kibendera kilipanda. Mara ya tatu kilipanda. Natanaeli akabadilisha winga, akabadilisha viungo, akarudisha winga wa kwanza, na kila alipobadilisha vijana wake walionekana kusahau kidogo walichoambiwa mwanzo. Sasa mchezo wote ulikuwa kwenye nusu ya uwanja ya Mbarara. Nguzo alisimama katikati ya uwanja na urefu wake wote, hana wa kumpigia kichwa. Apolline hakugusa tena kitu. Aliketi mkono juu ya goti, macho yamekodoka, na akagundua kwamba haogopi. Ufunguo alikwisha kuutoa. Hakuna tena wa kumtishia nao.

Bao la Base Camp lilikuja kwa mpira ulionaswa palepale katikati. Gaju aliupokonya miguuni mwa kiungo wa Mbarara, akautia mbele, winga akapenya, moja moja. Kule nyuma walirukaruka hadi mtu wa mlangoni akaja kuwaambia sakafu ni ya mbao. Na katika kurukaruka huko Kabanda alibaki amesimama wima, anasoma ukutani jina la aliyetoa pasi. Gaju. Alilisoma tena. Alikuwa mtamba wa rangi ya kahawia, mkaidi, wa kwanza kuuzwa njiani.

Halafu ikabaki kama dakika kumi, na sasa kila mtu akawa Adolphe. "Shusha! Apolline, shusha sasa! Sare inatosha!" Mama Yudita alipaza sauti, vijana walipaza sauti, hata dereva wa gari la kanisa, ambaye hakujua mstari ni nini, alipaza sauti ushushwe. Adolphe alimwinamia. Jasho lilimtoka. "Mama, nakusihi. Umeisha kugusa mara moja, gusa tena. Ushushe. Nitakurudishia ufunguo."

Hebu msikie mtu! Sheria iliyokuwa chuma, sasa ilikuwa mpira wa kuvutika.

"Hapana, Prezida," alisema Apolline. "Hata ukinipa ukumbi muzima."

Dakika za mwisho kabisa, Natanaeli aliwapandisha wote. Kiungo wake akainua mpira juu ya mabeki, Nguzo akachomoka, akamzunguka kipa, akasukuma mpira wavuni. Ukumbi wa mbele uliruka viti vikaanguka. Mama Yudita alijifunika kitenge usoni. Adolphe aliutoa ufunguo mfukoni na kumwonyesha Ulrich kule nyuma, ameuinua juu ili watu wote wauone. Apolline peke yake ndiye aliyekuwa hatazami mpira. Alitazama pembeni mwa uwanja, na pale kibendera kilikuwa kimesimama. Kompyuta ikarudia tukio, na kila mtu akaona: kabla mpira haujapigwa, mabeki wafupi wanne walipiga hatua moja mbele, Gaju akiwa wa kwanza, na Nguzo akabaki nyuma yao peke yake kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Ameotea. Filimbi ya mwisho. Moja moja. Kombe lilikuwa la Base Camp.

Natanaeli alizunguka meza akamshika Apolline mkono kwa mikono yote miwili. "Nyabo, wewe ni mkaidi sana," alisema, na alisema kama sifa.

Sasa ungedhani yameisha. Adolphe aliinua kombe, akapigwa picha nalo kutoka kila upande, kisha akapanga koti lake, akarudisha mkono na ufunguo mfukoni, na kunyamazisha watu wake. "Bandugu, Mungu asifiwe, kombe ni yetu. Lakini sheria ni sheria. Kocha aligusa kisha amina, bote mumeona. Kuanzia kesho, mwenye kuketi ni Ulrich."

Furaha ilikatika. Ulrich alitazama viatu vyake. "Noko, miye sitaki hii kiti," alimwambia mjomba wake, lakini alilisema mdomoni tu, na Adolphe akajifanya hakusikia. Watu walinong'ona, wakajikuna. Sheria ilikuwa kweli ni sheria. Apolline alisimama, shingo yake tupu, na hakuinamisha kichwa. Machozi yalimjia na aliyaacha yakae machoni bila kuyapangusa, maana kupangusa kungewapa kitu cha kutazama.

Ndipo Kabanda alipotoka benchi la mwisho. Alipita kati ya mabenchi, akapita kati ya viti vya plastiki ambako watu wa kambi hawakuruhusiwa kuketi, akafika mezani. Hapo alijinyoosha, na watu wengi walikuwa hawajawahi kumwona urefu wake wote.

"Prezida," alisema. "Miye sifumbake macho nikiomba. Bote munajua. Munanichekaka."

Hakuna aliyecheka.

"Mama Yudita alikuwa anaombea bagonjwa. Vichwa yote ilikuwa chini, ni mukono moja tu ilikuwa juu ya ile kompyuta."

"Mukono gani?" Adolphe aliuliza, sauti imepanda.

"Ule unaficha mu mufuko."

Mkono ulikuwa mfukoni, na ufunguo ulikuwa ndani yake, na Adolphe hakuweza kuutoa wala kuuacha. Mwisho akautoa. "Niliogopa tu," alisema. "Niliogopa batatucheka."

"Miye pia niliogopa," alisema Kabanda. "Nilifunga ngombe zote mu zizi kwa sababu ya woga, na nikamupiga mutoto mwenye alipandisha zake ku mulima." Alimgeukia Apolline, na sasa hakuwa anazungumza na kamati. "Nilikupiga bure, mama. Siku ile ulikuwa na haki. Na leo pia."

Apolline alimwitikia baba yake kwa kichwa. Akanyoosha mkono kwa Adolphe, kiganja juu, akangoja. Hakusema tafadhali. Adolphe akauweka ufunguo pale, na kamba yake ya kiatu.

Mama Yudita ndiye aliyewaokoa wote na aibu ile. Alipiga makofi, akasema hatuwezi kuondoka bila kushukuru, na asiyekuwa na neno la shukrani basi aombe msamaha kimoyomoyo, Mungu anamjua. Wakasimama wote, safari hii mbele kabisa, kati ya viti vya plastiki, Adolphe miongoni mwao. Mama Yudita akaanza kuomba. Vichwa viliinama kama kawaida. Lakini Ulrich hakufumba macho, dereva hakufumba, vijana hawakufumba, na Apolline, ufunguo ukiwa umerudi shingoni, alipotupa jicho upande wa Mama Yudita alimwona naye anaombea safari ya kurudi Nakivale huku akiuangalia mkono wa Prezida.